Koti la Ndirangu

Ndirangu alipokuwa hai, kila mwaka mahindi yakianza kutoa maua alizunguka nyumba zote za kijiji chetu hapa eneo la Kwanza, amevaa koti lake linalonuka moshi, akituomba kitu kimoja: tupulize dawa ya viwavi jioni, nyuki wake wakisharudi mizingani. Tulimcheka, tukamwita balozi wa wadudu. Lakini tuliitikia.

Alifariki Januari. Julai viwavi jeshi wakaingia, na hakuna aliyekuja kuomba chochote. Basi saa nne asubuhi, jua limewaka vizuri, nikajifunga pampu mgongoni nikapuliza. Jirani yetu Nderitu naye akapuliza. Sikumkumbuka marehemu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma.

Kesho yake nilipita kwa mjane wake, Wakiuru, kuchuma seveve, yale majani ya malenge ya mboga. Alikuwa akifagia chini ya mizinga. Nilidhani ni makapi. Walikuwa nyuki, rundo kwa rundo, wengine bado wakitikisa miguu. Wakiuru hakunitazama, aliendelea kufagia.

Tangu hapo shamba lake likanyamaza. Malenge yalichanua, yakatoa vitunda vidogo kama kidole gumba, vikageuka manjano, vikaanguka. Na malenge hayo ndiyo humlisha mpaka mahindi yavunwe.

Ndipo akaanza kuvaa lile koti. Kila asubuhi aliinama shambani, akichuma ua dume na kulisugua ndani ya ua jike, moja baada ya jingine, kazi ya nyuki kwa vidole vya mwanamke wa miaka sabini. Na alikuwa akivuma. Si wimbo wa kanisani, mvumo tu, kama wa mtu aliyefunga mdomo, usiopanda wala kushuka. Niliusikia nikiwa jikoni, nywele zikanisimama. Binti yangu Joy alikataa kabisa kupita njia ile.

Wiki mbili baadaye viwavi walirudi. Saa nne nikajaza pampu, nikajifunga mgongoni, na mvumo ukaanza. Uliniudhi. Nikavuka mpaka wa mashamba yetu kwenda kumwambia anyamaze.

Wakiuru alikuwa amesimama katikati ya malenge, mdomo wazi, hatoi sauti. Mvumo haukukoma. Ulitoka kwenye koti. Nyuki walikuwa wametanda kifuani pake, wakitembea juu ya kitambaa taratibu, kama wanaotafuta mtu.

"Wanatoka kwa ule mzinga wa mwisho," alisema polepole. "Kila siku nikivaa hii koti wanakuja. Mama Joy, hawa ndio wamebaki."

Dawa ilinidondokea kisiginoni.

"Si ungekuja tu kuniambia?"

"Marehemu Baba Kibe ndiye alikuwa anajua kuomba watu. Mimi sijui."

Nilirudi nyuma hatua kwa hatua, nikaitua pampu mlangoni kwangu. Acha viwavi wayale mahindi mpaka jioni. Kisha nikakimbia kwa Nderitu. Nilimkuta ameshajifunga pampu yake. Alinicheka, akauliza ni lini nimefanywa balozi wa wadudu. Nikamwomba. Akakataa. Nikamwomba tena, na nyuma yangu nikausikia ule mvumo ukija, nyuki wale waliobaki wakielekea kwenye maua ya mahindi yake.