Spidi ya Teleksi na ya Kidole

Juzi, kwenye gishe, kile kidirisha cha kutuma teleksi hapa Kalemie, Mama mumoja wa Kirungu, karibu na Moba, alitaka kumujulisha mukwe wake wa Lubumbashi kama muke wake amezaa mapacha. Boti yake ya kurudi Moba ilikuwa karibu kuondoka.

"Usiogope, Mama," karani alisema, akipigapiga mashine kwa kiganja. "Hii inapeleka herufi mia ine kwa dakika."

"Neno moja ni herufi ngapi?"

"Tuseme tano, na nafasi moja."

Mama alikunja vidole, akahesabu. "Basi ni maneno sitini na sita na kipande. Mimi nikisema ninapita hapo, Papa, na bado sijakasirika."

Karani alinuna, akaanza kuchapa kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi. Boti ikapiga honi.

"Na hicho kidole, Papa, ni herufi ngapi kwa dakika?"

Siku hizi mutu akinisifia mashine, ninauliza kwanza habari ya kidole.