Vidole vya Felix

Mama Brigita wa Mutuka hakuua panya tena tangu mwaka wa mimba yake ya kwanza, na majirani walimcheka sana kwa hilo. Mahindi yanaliwa, maharage yanatobolewa, yeye anafunga mdomo wa gunia na kupita zake. Aliyejua kisa chake hakucheka.

Mwaka ule, mavuno yakiingia ndani na tumbo limeshakuwa zito, alikuta kiota cha panya chini ya magunia. Hakufikiri mara mbili. Alivimwagia vile vitoto vyekundu maji ya moto. Wiki chache baadaye akajifungua Felix, na mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa na kidole gumba tu. Mama mkwe, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, aliutazama mkono ule akasema, "Umechoma watoto wa mwenzio, nawe umelipwa." Neno lile likamwingia moyoni, likakaa. Mumewe, Paskasi, alimwambia apuuze, lakini kupuuza ni rahisi kwa mtu ambaye hakuishika sufuria ile.

Felix alikua, akamaliza darasa la saba, akajifunza kufunga mizigo kwa mkono mmoja na meno. Mwaka ambao Manyara ilifanywa mkoa, Babati nzima ikizungumzia ofisi na viwanja, yeye alipanda basi la Singida akaenda kuuza mitumba. Hakurudi hata Krismasi. Mama yake alijiambia kwamba sababu anaijua: nani angeipenda nyumba iliyomla vidole?

Miaka ikapita. Brigita, mdogo wake Felix, akaenda chuo Morogoro. Likizo moja, akipukuchua mahindi na mama yake, alianza kumweleza anachosomea, na kumbe ni panya. Mama nusura aangushe ungo.

"Panya gani tena, mwanangu?"

"Wale weupe wadogo, mama. Tunaangalia watoto wao wakiwa bado tumboni. Seli zinatoa protini, zinakwenda kuziambia seli jirani ziwe nini. Tunachotafuta ni kila protini inatolewa wapi, na lini. Ile inayopanga vidole inatolewa ukingoni mwa mkono unapoanza kuchipua, siku chache tu. Zikipita, zimepita."

"Na kwa mtu?"

"Kwa mtu, mwezi wa pili ukiisha vidole vimeshajipanga. Kama vimekosekana, vimekosekana hapo."

Mama aliweka gunzi chini. Akayasema maji ya moto, ambayo hakuwahi kumsimulia mtoto wake yeyote. Brigita akamshika mikono.

"Ulikuwa na mimba ya miezi minane, mama! Mkono wa Felix ulishaumbika zamani. Sijui kilichouharibu. Ila haukuharibika siku ile."

Mama wa watu alilia, furaha na hasira pamoja. Mama mkwe alishazikwa, hata wa kumgombeza hakuwepo. Akataka Felix apigiwe simu papo hapo. Alimmwagia yote, seli na protini zikimtoka kombo.

"Kwa hiyo si mimi, mwanangu. Sasa unaweza kurudi nyumbani."

Nyuma ya Felix zikasikika kelele za soko.

"Mama, habari za panya bibi aliniambia nikiwa mdogo. Wala sikuzishika."

"Sasa uliondoka kwa nini?"

"Mimi ndiye mtoto wako wa kwanza," Felix alisema taratibu. "Watu wakikuita Mama Felix, ulikuwa huitiki. Mpaka wakachoka. Alipozaliwa Brigita, ukaanza kuitika."

Ilikuwa kweli. Kila alipoitwa kwa jina la mtoto yule aliyasikia maji yakimwagika, akajifanya kiziwi, na hakuwahi kufikiria kwamba mtoto mwenyewe amesimama pale anasikiliza. Felix akauliza hali ya baba, akamwachia salamu, akasema ana mteja, akakata simu.