Mwalimu Breki na Gari Lililosahau Gia

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Breki, maana neno hilo lilimtoka mdomoni mara nyingi kuliko hata salamu. Miaka kumi na tisa alikuwa akifundisha watu kuendesha gari, na alijisifu kwamba hampelekei fundi vitu vidogo vidogo. Kwa hiyo asubuhi moja betri ilipokufa, gari likabaki kukohoa tu, alinunua nyingine akaifunga mwenyewe huku akipiga mluzi.

Mwanafunzi wa saa nne siku hiyo alikuwa mama mmoja mshonaji, mjane wa miaka hamsini na sita. Alitaka leseni ili aache kuwabembeleza watu wambebee majora yake ya vitambaa. Lilikuwa somo lake la saba, na mpaka hapo alikuwa ameendesha bila tatizo. Walipoingia barabarani gari lilianza vizuri, kisha likaruka ghafla, kama punda aliyepigwa fimbo.

"Mguu!" mwalimu akafoka. "Taratibu, mama! Hii si cherehani."

"Nimekanyaga kidogo tu, mwalimu."

"Hili ni otomatiki, linabadili gia lenyewe. Likiruka, kosa ni la mguu."

Likaruka tena kwenye mzunguko, na tena mbele ya kijiwe cha pikipiki, ambako vijana walicheka mpaka wakapiga makofi. Kila mara mama aliomba radhi.

Jioni mwalimu alirudi nyumbani akiendesha mwenyewe. Gia ya pili, puu! Ya tatu, puu! Na safari hii mguu ulikuwa wake. Giaboksi! Nimeiua mwenyewe, akawaza, kwa kujifanya fundi. Mkewe alipomuuliza mbona hali chakula, alisingizia tumbo.

Kesho yake mama alifika mapema, akasalimia kwa heshima zote. Hapo mwalimu angeweza kusema, "Mama, jana nilikuonea, gari ndilo bovu." Maneno yalimfika kooni, akayameza. Mtu wa miaka kumi na tisa kazini, amwambie mwanafunzi kwamba betri tu imemshinda? Akafunga mkanda. "Leo tuurekebishe huo mguu," akasema.

Gari liliruka mbele ya shule, likazimika kabisa. Nyuma honi zikalia. Dirisha lilikuwa wazi, na mwalimu akajisikia akisema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara, "Umri ukishapita, mama, bora mtu akubali tu kubebwa."

Mama aliliwasha gari, akawasha taa ya pembeni kama alivyofundishwa, akaegesha vizuri kabisa, akazima.

"Asante kwa yote, mwalimu," akasema. Akachukua mkoba wake, akashuka, akaondoka kwa miguu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku iliyofuata mwalimu alilipeleka gari kwa fundi, naye fundi hakuangalia hata chini ya gari. Alifungua boneti tu.

"Betri umebadilisha lini?"

"Juzi."

"Nani alifunga?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. Fundi akashika kichwa cha waya wa betri kwa vidole viwili, kikacheza kama jino la mtoto. Akakikaza.

"Gia za gari hili zinaongozwa na kompyuta," akasema. "Umeme ukikatika, inasahau yote iliyozoea. Na wewe umeacha waya unacheza, kwa hiyo kila ikijifunza inasahau tena. Liendeshe polepole siku chache, litatulia. Giaboksi yako ni nzima."

Mwingine angechinja kuku kwa furaha. Mwalimu aliona heri giaboksi ingekufa kweli, apate walau kitu cha kulilia. Sasa gari halikuwa na kosa, mama hakuwa na kosa. Roho ikamsuta njia nzima.

Alimkuta mama kibandani kwake, akipima mkono wa mteja, na mteja wa pili ameketi akisubiri.

"Naomba tuzungumze pembeni, mama."

"Pembeni kwa nini? Mimi ulinisema barabarani."

Basi akasema palepale, wateja wakisikiliza, macho yake yakiwa sakafuni. Alieleza habari ya betri na ya waya. "Na siku ya pili nilikuwa nimeshajua. Nilijua si mguu wako, nikakusema hivyo hivyo."

Mama alikunja futi yake ya kupimia polepole.

"La siku ya kwanza nimesamehe," akasema. "La pili niache nalo kwanza. Lakini gari lako sipandi tena, mwalimu."

"Haki yako, mama."

Miezi minne baadaye, mwalimu akiwa na mwanafunzi mpya kwenye mzunguko, gari dogo lililosheheni majora lilipita mbele yao, likashika njia yake sawasawa.

"Tazama huyo mama anavyoendesha!" mwanafunzi akasema. "Ni mmoja wa watu wako?"

Uongo ulikuwa karibu, tena mtamu.

"Hapana," mwalimu akasema. "Huyo nilimkatisha tamaa. Amefundishwa na mwingine."