Wenye Safari Wasimame

Eliakim wa Alby, huko Sweden, fundi wa vitanda vya hospitali, alikuwa mtu wa kuondoka bila kuaga. Hakuwa na ubaya wowote. Hata akienda Farsta tu kununua viatu, hasemi. Utamwona Jumapili ana viatu vipya, na ukimuuliza, "Mzee, ulikwenda lini?" atakujibu, "Nimesharudi." Basi, imeisha hiyo.

Tabia hii alitoka nayo kwao Upareni. Enzi za ujana wake, yeye na binamu yake Severin walichaguliwa pamoja kuja Sweden kujifunza ufundi wa mashine za mbao. Severin akachinja mbuzi, akaalika kijiji kizima, akapiga picha na koti la kuazima. Pasipoti yake ikakwama ofisini, safari ikafa. Mpaka leo Severin, babu mwenye meno ya kuhesabika, anaitwa Bwana Ulaya, na watoto wakipishana naye njiani wanamuuliza baridi ya huko ikoje. Eliakim yeye hakuaga mtu. Hata mama yake mzazi aliambiwa na muuza nyanya wa stendi kwamba mwanao kapita hapa na sanduku. Na ndiye aliyefika.

Akaipenda Sweden kwa sababu hiyohiyo. Huku hakuna mtu wa kukuuliza waenda wapi. Jirani anachungulia kwanza kwenye tundu la mlango ahakikishe ngazi ni tupu, ndipo atoke. Eliakim akasema moyoni, hawa ni watu wangu.

Bintiye mmoja, Queen, alizaliwa hapahapa, na tangu shule ya awali baba alimwimbia wimbo mmoja. "Safari haitangazwi, mwanangu. Macho ya watu yana uzito. Sema ukishafika." Queen humjibu baba yake kwa Kiswidi miaka nenda miaka rudi, lakini fundisho hili lilimwingia bila tafsiri.

Sasa Queen ni mwanafunzi wa uuguzi kule Flemingsberg, jirani na hospitali ileile anakofanya kazi baba yake. Mwaka huu, Julai, vyuo vimefungwa na mji umehamia kwenye nyumba za mashambani, Eliakim alikuwa amelala chali chini ya kitanda cha wodini, anabadilisha gurudumu. Simu ikalia.

"Pappa, nimefika."

"Umefika wapi?"

"Bangkok."

Mzee akainuka, akagonga paji la uso kwenye chuma. "Bangkok hii ya Thailand?"

"Kwani ziko ngapi, pappa?"

Akamweleza. Tiketi ilikuwa rahisi kwa sababu huko ni msimu wa mvua na watalii hawautaki. Amebadilisha ndege mara mbili, amekula mkate wake mwenyewe aliotoka nao nyumbani, ana begi moja la mgongoni. Amepanga kitanda katika chumba cha watu wengi, vile vitanda vya deka, yeye yuko juu. Chakula anakula barabarani.

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Nani anajua?"

"Wewe. Na nimekwambia nikiwa nimeshafika."

"Mtoto wa baba yako!" Eliakim akacheka mpaka nesi akainama kuangalia nani anacheka chini ya kitanda.

Zikaja picha. Bakuli la tambi lenye jani la kijani juu. Dirisha, na nje ya dirisha mfereji wa maji ya rangi ya chai ya maziwa, nyumba ya bluu ng'ambo yake, na mti uliofungwa vitambaa vya rangi shinani kama bibi harusi. Kisha ukaja ujumbe mfupi: "Kichwa kinaniuma sana. Ni joto. Nalala kidogo."

Halafu kimya.

Siku ya kwanza Eliakim alijiambia amelala. Ya pili akajiambia simu imeibiwa, miji mikubwa ndivyo ilivyo. Baada ya hapo hakuwa na cha kujiambia. Kila ujumbe aliotuma ulibaki na tiki moja, tiki moja ya kijivu, haiongezeki. Alikuwa akiiangalia kwenye treni, akiiangalia chooni, akiiangalia huku uji unaungua. Mara nyingine alizima simu na kuiwasha tena, kama mtu anayegonga redio ya zamani kwa kofi.

Akapiga simu polisi. Akajibiwa kwa upole kwamba binti ni mtu mzima, na mtu mzima ana haki ya kunyamaza. Akapiga wizarani, kwenye namba ya watu waliopata shida nje ya nchi. Mama mmoja mwenye sauti ya usingizi akamuuliza: anakaa hosteli gani? Hajui. Mtaa gani? Hajui. Alisafiri na nani? Peke yake. Kuna rafiki aliyeachiwa habari zake?

"Hakuna," Eliakim akasema. "Hakumwambia mtu."

"Kwa nini?"

Eliakim akashukuru, akakata simu.

Mkewe, Veronica, alikuwa Same tangu Mei, akimuuguza mama yake. Kila asubuhi lazima apige.

"Baba Queen, huyu mtoto mbona hapatikani?"

"Ana mitihani."

"Mitihani ya Julai?"

"Ya marudio."

"Amefeli?"

"Hajafeli. Anarudia ili aongeze."

"Eliakim." Akimwita kwa jina, ujue pana moto. "Mbona sauti yako imekauka hivyo?"

"Nimekula karanga."

Kazini kila kitanda alichokigusa alimwona Queen juu yake. Akipandisha upande wa mgongo, anamwona anaketi. Akishusha, anamwona analala, na hapo huacha bisibisi akaenda kuosha uso. Methali moja ilikuwa inamjia kichwani kila mara, mficha maradhi, mficha maradhi, naye akaikata hapohapo katikati asiifikishe mwisho.

Mtaona ni rahisi: si aseme tu? Alby nzima imejaa watu wa kwao, angepiga kelele moja wangetoka. Lakini mtu aliyefunga mlango miaka arobaini hajui tena ufunguo uko wapi. Na zaidi ya hapo aliogopa. Kwa akili yake, jambo lisilosemwa bado lina nafasi ya kutokuwa kweli. Akilisema, watu watalishika, watalizungusha, watasema maskini Queen, na huyo Queen atageuka maskini kwelikweli.

Kariuki, Mkenya anayeendesha basi, alimkuta kituoni Alby amesimama, treni zinapita hapandi.

"Mzee, leo unatembea kama mtu amemeza kijiko. Ni nini?"

"Mgongo."

"Mgongo hauko machoni, mzee wangu. Huku ndiko naona umeumia."

Eliakim akafungua mdomo. Treni nyingine ikaingia, akairukia, akaondoka. Ilikuwa inaelekea upande asioutaka.

Jumapili akaenda Farsta, kwenye ukumbi wa kanisa wanaouazima kwa ibada ya Kiswahili. Watanzania, Wakenya, Warundi, Wakongo, Waganda wachache wanaokuja kwa ajili ya kwaya. Hakusikia mahubiri. Alikuwa na simu mapajani, imelala kifudifudi, na kila baada ya muda anaigeuza kidogo kwa kidole kama anayeangalia chapati.

Yakafika matangazo. Mama Getrude ndiye mwenye kuyasoma, mwanamke wa Bukoba, sauti yake haihitaji kipaza sauti. Na kila Jumapili humalizia kwa jambo lilelile.

"Wenye safari wasimame, tuwaombee!"

Vijana wawili waendao Nairobi wakasimama. Mama mmoja wa Kigoma. Miaka yote Eliakim hajawahi kusimama hapo, hata alipokwenda kumzika baba yake. Sasa akasimama. Haijulikani miguu iliambiwa na nani.

Ukumbi ukaguna.

"Ehee! Mzee Eliakim anatangaza safari!" Kariuki akapaza sauti toka viti vya nyuma. "Jamani tafuteni makoti, theluji inaanguka Julai hii!"

Watu wakaangua kicheko. Hata Mama Getrude akacheka. "Haya, Baba Queen, leo umetukumbuka. Unakwenda wapi?"

"Si mimi," Eliakim akasema.

Kicheko kikapungua.

"Ni Queen. Yuko Bangkok. Alikwenda peke yake, tiketi ya mwanafunzi, hakumwambia mtu. Alisema kichwa kinamuuma, anakwenda kulala." Akashika kiti cha mbele yake. "Hajaamka. Sijui hosteli. Sijui mtaa. Mama yake hajui kama kaondoka. Nilimfundisha asiseme, na mtoto ni msikivu. Basi. Nimemaliza. Nawaomba."

Mtu akizoea kunyamaza, akisema husema yote mara moja, kama gunia lililopasuka.

Hortense, mama Mkongo wa Flemingsberg, ndiye aliyemfikia kwanza. Akamkamata mabega kwa nyuma na kumkalisha. "Papa, ikala. Ikala, mon Dieu. Siku zote hizi ulikuwa unabeba hii mambo wewe moja?"

Na Kariuki akaja akikanyaga miguu ya watu, bila tabasamu sasa. "Mficha uchi hazai, mzee! Si nilikuuliza kituoni? Jennifer, dada ya bibi yangu, anafundisha Kiingereza huko huko Bangkok! Leta hiyo simu. Picha uko nayo?"

"Ninayo ya tambi."

"Tambi tutafanyia nini? Ya nyumba!"

Ikatoka ile ya dirisha, mfereji na mti wenye vitambaa. Kariuki akaituma, na Jennifer naye akaitawanya kwa kundi lao, maana hata Bangkok, kumbe, wako watu wa Kiswahili, walimu na wauza mawe ya thamani, na wanajuana wote. Baraka ya mwisho haikutolewa ibadani siku hiyo. Mchungaji alijaribu kidogo, akaona watu wamezunguka simu, naye akaja kuizunguka.

Huko Bangkok ilikuwa alasiri, mvua inapiga. Ujumbe ukaja: miti yenye vitambaa ni mingi, iko mfereji kwa mfereji. Ukaja mwingine: kuna mtu anafikiri anaijua ile nyumba ya bluu ng'ambo. Chai ikaandaliwa, ikapoa, maandazi yakakaa bila kuguswa. Hakuna aliyeaga kwenda nyumbani. Mwenye ukumbi, Mswidi wa makamo, akaja na funguo kufunga. Mama Getrude akamwambia maneno mawili matatu, yule bwana akaweka funguo mezani na kukaa nao.

Eliakim alikuwa ameinama, kiganja juu ya macho. Alikuwa ameshakata tamaa kwa namna ya kimyakimya, anapanga kichwani maneno ya kumwambia Veronica, na hayapangiki.

Simu ya Kariuki ikalia. Akaiweka sauti kubwa.

"Shemeji," sauti ya Jennifer ikasema, mvua nyuma yake. "Tumepata hosteli. Wanasema alizidiwa na homa, wakampeleka hospitali ya serikali. Simu yake ilibaki chini ya mto, imezima. Sasa niko hospitali. Niko na yeye."

"Yuko hai?" Eliakim akauliza. Aliuliza kwa sauti ya mtoto.

"Yuko hai, baba. Ni dengi, ile homa ya mbu. Iko mbaya. Fizi zinatoka damu, daktari anasema siku hizi zinazokuja ndizo za hatari. Anaingia akili anatoka. Ngoja, nimwekee."

Kukasikika mkwaruzo wa shuka. Kisha sauti nyembamba, imetokea mbali kuliko Bangkok, na kwa Kiswahili, kile ambacho alikuwa hakitumii.

"Baba."

"Nipo, mwanangu."

"Usimwambie mtu."

Eliakim akaangalia nyuso zile zote zilizomwinamia.

"Nimeshawaambia," akasema. "Wote. Wako hapa wanakusikia."

Jennifer akarudi kwenye simu akasema Queen ameshalala tena, na maji ya dripu yanaendelea, atakaa naye.

Tiketi ya Eliakim kwenda Bangkok ilipatikana jioni ileile, watu wakachangiana bila mtu kuuliza mwenzake katoa nini. Lililobaki ni Veronica. Eliakim alitoka nje ya ukumbi akampigia. Waliokuwa dirishani walimwona akisema, kisha akiondoa simu sikioni, maana mlio uliotoka Same ulikuwa mkali, kisha akiirudisha. Alisimama hivyo muda mrefu, anapokea. Aliporudi ndani alisema tu, "Amesema nisithubutu kufika bila kumwambia nimefika. Na kabla sijaondoka nimwambie naondoka."

Asubuhi alishuka ngazi za jengo lake Alby na begi dogo. Jirani yake, mzee mmoja Mswidi wa ghorofa ya pili, alikuwa amekosea hesabu zake za tundu la mlango, wakakutana uso kwa uso. Eliakim akasimama.

"Nakwenda Bangkok," akamwambia kwa Kiswidi. "Binti yangu anaumwa sana."

Jirani akatikisa kichwa, hakujua aweke wapi mikono. Eliakim akapita. Akamwambia mama wa kioski. Akamwambia mlinzi wa kituo, ambaye hakumuuliza. Ndani ya treni ya njia nyekundu ya kwenda mjini, akakaa karibu na msichana mwenye vitu vya muziki masikioni, wa umri wa Queen, na begi kama la Queen.

"Nakwenda Bangkok," akasema.

Msichana akatoa kimoja sikioni. "Samahani?"

"Binti yangu yuko hospitali huko. Sijui kama nitamkuta."

Msichana akatoa na cha pili. Hakuvirudisha. Kituo chake cha kushukia kikafika, milango ikafunguka na kufungwa, naye akabaki pale kando ya mzee, begi mapajani, mpaka mjini.