Hoho Juu ya Bakuli la Wakwe

Udhia huu ulianzia uani kwangu. Nilikuwa na mpilipili mbuzi mmoja pembeni mwa ukuta wa choo, wala haukuwa mkubwa, ulinifika kifuani. Mwanangu wa pili, aliyerudi kuishi nami na mkewe, aliona uani kuna vumbi. Nikaenda Lugoba kumzika shemeji yangu. Siku ya tatu narudi, nakuta vitofali vimepangwa kutoka mlangoni mpaka chooni, vimenyooka, vinang'aa, na mpilipili haupo.

"Mama, si unaona palivyopendeza?"

Nikamuuliza mti wangu uko wapi.

"Ah, mama. Pilipili zipo sokoni."

Hilo neno nalikumbuka kama alivyolisema, na mkono wake kiunoni. Mimi sisahau neno, wala sisahau jina. Majina ya wote nitakaowataja hapa ninayo, na ya baba zao, na ya mama zao wakitaka. Siyaandiki kwa sababu bado tunaalikana.

Haikupita miezi mingi mjukuu wangu, binti yao, akaposwa na watu wa Pangani. Posa ikapokelewa, siku ya harusi ikasemwa, ndipo likaja suala la chakula. Mwanangu na mkewe walitaka wapishi wa Dar, wale wanaokuja na nguo nyeupe na mabakuli ya kufunika yenye moto chini. Mimi nimepika samaki wa harusi za mtaa huu tangu mwanangu hajatiwa jandoni. Yeye mwenyewe alipooa, walima wake nilipika mimi. Nikasema samaki wa mjukuu wangu hapikwi na mtu asiyemjua bibi harusi kwa sura.

Wakanong'onezana chumbani, kisha wakatoka na neno. "Basi, mama, wakwe wanakuja Jumapili kula chakula cha mchana. Wapikie. Wakiridhika, samaki wa harusi ni wako."

Yaani mtihani. Mimi niliyeishia darasa la nne, nikapewa mtihani ndani ya jiko langu, na msimamizi ni mtoto niliyemfundisha kushika kijiko. Nikasema Jumapili tutaonana.

Sasa, samaki wenyewe ni changu wa nazi, na changu wa nazi kwetu hana maana bila pilipili mbuzi. Haikatwi, haipondwi. Inaoshwa ikiwa nzima na kikonyo chake, inaelea juu ya tui zito sufuria ikiwa kwenye moto mdogo, na mpishi hasogei hapo. Ikilainika tu, unaitoa kabla haijapasuka. Ikipasuka umekula hasara, sufuria nzima ni moto. Ukiiwahi, mchuzi unabaki na harufu yake, na ukali wa kumtoa mtu jasho la puani, basi. Halafu ile pilipili inalazwa juu ya bakuli la mgeni mkubwa kuliko wote. Yeye ndiye anayeibonyeza kwa mgongo wa kijiko juu ya wali wake, kisha anaipitisha kwa anayemfuatia. Nimeona watu waliokuwa hawasemezani wakapatana kwa kupitishiana pilipili hiyo.

Ijumaa nikaenda sokoni, si ndiko zilipo? Genge la kwanza hakuna. La pili hakuna. La tatu, mwanamke mwenye genge akanicheka kwa upole.

"Bibi, pilipili mbuzi imeadimika. Mvua zimeozesha maua, na hizo chache zinazokuja, wenye hoteli wanazizoa alfajiri. Chukua hizi pilipili kichaa. Pilipili ni pilipili."

"Mwanangu," nikamwambia, "siku yako ya kuolewa wakikuletea kaka yake bwana harusi, utasema mwanamume ni mwanamume?"

Genge zima likaangua kicheko.

"Itategemea huyo kaka yukoje, bibi!"

Nilicheka na mimi, lakini moyoni nilikuwa nimewaka. Nikapanda bajaji mpaka kwa jamaa zangu njia ya Mbegani, ambako zamani kila ua ulikuwa na mpilipili. Ua mmoja vitofali, ua wa pili zege, ua wa tatu wamepanda maua ya kuangalia. Mwenye maua akanipa chupa ya pilipili ya dukani, nyekundu kama rangi ya kucha. Nikainusa. Siki na sukari. Nikamrudishia na asante zake.

Mwisho nikaingia dukani kwa Mhindi mmoja, mzee mwenzangu, tuliyekua naye mtaa mmoja. Viungo vyangu vyote nanunua kwake. Nilishika pakiti ya pilipili ya unga, akaninyang'anya mkononi.

"Dada, weka chini. Hiyo rangi tu. Utapikia macho, hutapikia mdomo."

Nikamweleza. Akakaa kwenye kigoda chake, akafikiri kama daktari.

"Wewe unatafuta kitu kimoja chenye kazi mbili," akasema. "Mbuzi ina ukali, ina harufu. Kingine cha hivyo hutapata. Tafuta viwili, kila kimoja kazi yake. Ukali chukua kwa kichaa. Harufu... marehemu mama akikosa alikuwa anatumia ganda la embe linaloanza kuiva. Ganda, dada, siyo embe."

Huyo alinisaidia, na nasema wazi, maana wengine wote waliniambia nisijisumbue.

Jumamosi nilijaribu kwa sufuria ndogo. Pilipili kichaa ngozi yake nyembamba, ukiielesha nzima inapasuka kabla hujageuka, na inauma ulimi kisha inaondoka bila kuaga. Nikazifunga saba kwenye kitambaa safi cha kuchujia tui, pamoja na ganda la embe kama upana wa vidole viwili na majani mawili ya mndimu, nikafunga uzi mrefu. Nikachovya kwenye tui, nikatoa, nikaonja. Majani ya ndimu yalizidi, nikapunguza moja. Kichaa nikabakiza tano. Mara ya nne nikafumba macho. Haikuwa yenyewe, sitasema uongo. Lakini ilikuwa nduguye wa damu.

Na nilijipangia la kusema. Nitaweka bakuli mbele ya mgeni likiwa halina kitu juu, nitamwambia, mkwe, leo pilipili haikupatikana, nimetafuta mbadala, tusameheane. Hakuna aibu. Kukosa si kosa la mpishi.

Jumapili wakwe wakafika watano, na mkubwa wao ni bibi yake bwana harusi, mwembamba, mkavu, macho hayatulii. Tukasalimiana mpaka tukamaliza jamaa wote wa huku na wa huko. Nikaenda kupakua. Nikapakua bakuli lake, nikaingia chumbani mara moja kubadili kanga iliyorukiwa na tui. Natoka, nakuta mke wa mwanangu ameshapeleka chakula mkekani.

Juu ya bakuli la mgeni kuna kitu chekundu.

Kwa mbali hata mimi nilidhani ni muujiza. Nikasogea. Ilikuwa hoho! Kihoho kidogo kilichosinyaa, kimekunjamana kama pilipili mbuzi, tena kina kikonyo. Mke wa mwanangu alikichagua sokoni makusudi, akakificha, akakichemsha kidogo ili kilegee. Alitaka wageni waone kila kitu kimekamilika. Moyo wake pengine ulikuwa mzuri, lakini kichwa!

Sikuwahi kufungua mdomo. Mgeni alishachukua kijiko, akageuza mgongo wake, akabonyeza.

Yakatoka maji. Maji matupu, na mbegu mbili tatu.

Akabonyeza tena. Akakinusa kijiko. Akawageukia wenzake, kisha akanitazama mimi.

"Mkwe, kumbe Bagamoyo siku hizi mnalisha watu hoho kama sungura?"

Wenzake wakacheka ndani ya kanga zao. Mke wa mwanangu akatazama mkeka. Na mwanangu akanitazama mimi. Mimi! Kwa jicho la kusema, mama, umetuaibisha. Hilo jicho ndilo lililonitoa ulimi.

"Mkwe, hiyo hoho sikuiweka mimi," nikasema. "Pilipili mbuzi nimeitafuta siku nzima sijaipata. Kilichomo ndani ya mchuzi ni pilipili kichaa tano, ganda la embe na jani la ndimu, vimefungwa kitambaani. Hicho ndicho nilichopika. Hayo ya juu ya bakuli waulize waliopanga uani mwangu vitofali."

Najua nilimfedhehesha mke wa mwanangu mbele ya wakwe, tena siku ambayo hata binti yake alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza. Baadaye nilimwomba radhi kwa hilo la kumwaibisha. Kwa hilo la hoho sijamwomba.

Mgeni akaitoa hoho, akaiweka ukingoni mwa sinia. Akachota mchuzi mtupu, akaonja. Akachota tena.

"Embe," akasema. "Nilikuwa najiuliza hii ni nini tangu niliposogeza pua. Nani kakufundisha?"

"Wa dukani."

"Si yenyewe, mkwe."

"Si yenyewe," nikakubali.

"Lakini mkono upo." Akavuta bakuli karibu. "Harusini mimi nitakula huu huu. Pilipili nitaleta mwenyewe kutoka Pangani, kikapu, maana naona huku mmebaki na vitofali."

Hapo mwanangu akakohoa. Akasema tunashukuru, bibi, ila, unajua, mambo ya ukumbi... wale wapishi wa Dar walishakubaliwa.

"Walikubaliwa lini?" nikamuuliza.

Mkewe akajibu kwa sauti ndogo, bila kuinua uso: "Mwezi uliopita, mama."

Mwezi uliopita! Kabla ya Jumapili, kabla ya mtihani, kabla sijazunguka magenge na mgongo huu. Nilikuwa napika mtihani ambao matokeo yake yalishabandikwa. Na mimi nimechovya kitambaa mara nne, nimefumba macho, nimehesabu pilipili moja moja.

Sikupiga kelele. Nilimwomba mgeni aendelee kula. Yeye akamtazama mwanangu kwa yale macho yake yasiyotulia, akamwambia taratibu, kama mtu anayeomba chumvi, "Mjukuu wangu anaoa kwenu, haoi Dar. Hao wapike pilau. Samaki wa wazee nitamla kwa mkono wa huyu. Kapige simu."

Mwanangu akatoka kwenda kupiga simu. Nikamsikia nje akibembeleza, ndiyo kaka, samahani kaka, samaki mtuachie.

Ilinipasa nifurahi. Sikufurahi. Nilikaa na wageni, nikatabasamu, nikamimina chai, na ndani nilikuwa nachemka, maana niliyoyasema mimi miezi yote yalikuwa maneno ya kizee, na mgeni aliyekaa nyumbani mwangu kwa saa mbili amesema mara moja, yakawa amri.

Wageni walipoondoka, mwanangu akasimama mlangoni mwa jiko na simu mkononi. "Mama, niwaambie utapika samaki wangapi? Wale wa Dar wanataka kujua sasa hivi, wapunguze kwao."

Nikaendelea kusugua sufuria mpaka nikamaliza upande ule. Nikamwambia aizime simu, avute kigoda akae, na aniulize upya, vizuri, kama mtu aliyekuja kumwomba mpishi ampikie harusi.