Mama Feza na chumba cha kulilia

Bado kichwa changu kinakataa. Mama Feza amekufa? Mama Feza, aliyekuwa akitufukuza sisi wengine twende kupumzika?

Kwa ninyi msiomjua: alikuwa benevole mwenzangu, mtu wa kujitolea bila mshahara, hapa hospitali, Kasongo. Sisi hatutibu mtu. Tunakaa na wagonjwa, tunawasikiliza, na anayetaka maombi tunaomba naye.

Yeye Mkristo, mimi Mwislamu. Alikuwa akiingia wodini mbele kupeleleza, kisha anarudi: "Weye Salumu, ule wa dirishani ni wako. Ananiuliza kibla iko wapi, nimemuonyesha choo."

Kuna mzee mmoja kutoka Wamaza alianguka na pikipiki, akavunjika mguu. Mguu tu. Mwenzetu mmoja mwenye bidii akafika, akaanza kumsomea Yasini, ile tunayomsomea mtu anayekata roho. Mzee akafungua jicho moja: "Ndugu yangu, dokta amewaambia nini?"

Mama Feza alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akatuwekea sheria: ukifika kitandani, neno la kwanza ni "Nikae?" Mgonjwa akikataa, unaondoka, na Mungu wako unaondoka naye.

Lakini leo sikuja kuchekesha. Nimekasirika.

Hospitali yetu haina mahali pa kumwambia mtu kwamba mtu wake amekufa. Anaambiwa kwenye kolidoo, kati ya foleni ya dawa na mama muuza mikate.

Nilikuwepo siku mama mmoja wa Nyangwe alipoambiwa habari ya mtoto wake. Foleni yote ikageuza shingo. Mama Feza akafungua kikwembe chake cha juu, kile kitenge cha kujifunga, akakinyoosha kwa mikono miwili, akasimama hivyo kama ukuta mpaka yule mama akamaliza kulia. Mikono ilichoka. Hakuishusha.

Tangu siku hiyo aliomba kitu kimoja tu: kile chumba cha mwisho wa kolidoo. Kimejaa vitanda vibovu. Vitanda vina chumba, watu hawana.

Kila alipouliza, jibu lilikuwa lile lile: "Mama, mwenye ufunguo amesafiri Kabambare." Barabara ya Kabambare, matope matupu, tunaijua wote, kwa hiyo tulivumilia. Ila sasa naamini ule ufunguo umeoa kule.

Wiki iliyopita presha ikamuangusha. Akalazwa kwenye wodi ile ile aliyokuwa anaizungukia. Nikasogea kitandani: "Nikae?"

"Kaa. Lakini usinisomee kitu, ningali hapa." Kisha: "Chumba?"

Nikamwambia bado. Akageukia ukutani.

Binti yake Riziki alikuja na pikipiki kutoka Kabambare, matope mpaka kiunoni. Akachelewa; mama yake alikuwa amekwisha kata roho. Dokta alimshika mkono, akatafuta pa kumpeleka. Niliona macho ya dokta yakienda kwenye mlango wa kile chumba cha vitanda, yakakuta kufuli.

Riziki akaambiwa pale pale. Kolidoo. Foleni ikageuza shingo.

Mimi sivai kikwembe. Nilivua koti, nikalinyoosha. Koti ni fupi, jamani. Halifichi kitu.

Kwenye matanga, shefu wetu, mkuu wa hospitali, akashika maikrofoni: chumba kile kitaitwa kwa jina la Mama Feza, kibao kitaandikwa. Watu wakapiga makofi.

Nikainua mkono. "Shefu, na vile vitanda?"

"Papa Salumu, huu ni wakati wa maombolezo."

"Ndiyo, shefu. Na mimi niko naomboleza. Naomboleza kufuli."

Wamama wa nyuma wakasema "Eeeh!" Shefu akakohoa, akaniambia nipite ofisini matanga yakiisha.

Nimepita leo asubuhi. Mnajua tayari. Kabambare.

Kwa hiyo, Mama, tumefanya hivi. Riziki ametupa kikwembe chako kile cha majani ya kijani. Tumefunga kamba kolidoo, mbele ya ule mlango, tumekitundika. Nyuma yake tumeweka benchi. Shefu amepita, ameinama chini ya kamba, akaenda zake.

Kitashuka siku vitanda vitatoka. Na kibao chao wakae nacho kwanza.

Leo mchana baba mmoja amelia nyuma yake, amelia mpaka amemaliza, na foleni haikuona hata kidole.

Lala, Mama Feza. Lala mahali ambapo hakuna mtu anayepita katikati.