Matawi ya Kilio Bila Maiti

Mu Élisabethville ya wakati ule, muntu akikufa, tulitandika matawi mabichi mu barabara, mbele na nyuma ya nyumba yake. Shofere akiyaona anapunguza mwendo, anavua kofia, anapita polepole, hata kama ni mulevi. Mama yangu, mwanamuke wa kichwa ngumu, aliichezea desturi ile sababu ya macho ya baba.

Baba alikuwa shofere wa kamyo, lori kubwa ya kampuni, tangu ujana wake. Sasa alikuwa muzee, na jioni, kwenye kona karibu na kambi yetu, jua lilimupiga usoni, haoni kitu. Muzungu wake akijua, kazi imekwisha, na nyumba ya kambi inakwenda pamoja na kazi. Mama akamuomba kapita wa barabara, musimamizi wa kazi, apake chokaa mawe ya ile kona, bazee bapate kuona. Kapita akacheka. "Mama, muzee asiyeona akae kwake."

Basi mama akakata matawi, akayatandika kabla ya kona, pahali baba bado anaona. Jioni baba akapunguza, akafika nyumbani anauliza ni nani amekufa. "Muntu wa mbali," mama akasema. Akaendelea hivyo, matawi yakikauka anakata mengine. Mimi niliogopa sana. Kwetu, kutandika kilio bila maiti ni kuita maiti.

Njia ya mwongo ni fupi, banasema. Bashofere bengine bakauliza kilio iko wapi, jirani akaropoka: "Ile iko ya macho ya muzee." Bakaacha kupunguza. Baba hakuambiwa.

Kisha muntu wa pale kwenye kona akafiwa na muke wake. Matawi yake yakalala palepale pa mama. Jioni baba akafika, akapunguza, akavua kofia. Kijana mumoja mwenye macho mazuri, na kamyo yake nyuma, akafikiri ni muchezo uleule, akamupita baba kwa mbio. Akamugonga mufiwa mwenyewe, aliyekuwa anavuka barabara, akamuua.

Polisi bakamuuliza kijana, naye akasema yote, ya matawi na ya macho ya baba, mbele ya muzungu wa kampuni. Ninamuchukia mupaka leo, lakini hakusema uongo. Asubuhi baba akanyang'anywa funguo ya kamyo.

Hakumugombeza mama. Alikaa kwenye kitanda, akasema, "Kumbe ile maiti yako, ni miye tu nilikuwa naiheshimu."

Mama alikuwa anafunga vyungu mu kitambaa, sababu nyumba ilitakiwa iwe tupu kabla ya Jumapili.